Tumbo la Mkimbiaji

Benchi letu limebanwa kati ya kibanda cha fundi viatu na ukuta wa ghala. Asubuhi ile tulikunywa kahawa bila ule utani wetu. Jana yake Upepo, binti wa mtaa wetu, alianguka kwenye mbio za mchujo akiwa ameshika tumbo, mstari wa mwisho akiuona. Amelazwa. Kocha wake alikuwa amekaa nasi, macho kwenye kikombe.

— Ni ule unga wa maharage, alisema Fundi. Binti kaacha nyama, anakoroga unga kwenye maji asubuhi na jioni. Viatu ananiletea, uso umemsinyaa.

— Protini ni protini, alisema Kocha. Ya mimea ni nyepesi. Inatuliza uvimbe, misuli haichoki. Nimewasikia wakubwa wakisema.

— Hayo maharage yalipikwa? aliuliza Fundi.

— Yalilowekwa, yakaanikwa, yakasagwa. Ukiyachemsha unamwaga nguvu yote.

Breki, dereva wa lori mstaafu, alijikohoza.

— Kosa siyo maharage. Protini ya mmea haijui kukaa tumboni, imezoea udongo. Ikikosa udongo inashuka magotini. Ndiyo maana wakimbiaji wanavimba magoti.

— Lakini kaumwa tumbo, alisema Fundi.

— Ilikuwa bado iko njiani.

Siku nyingine tungecheka.

— Basi mimi nasema mwili wa mkimbiaji una joto mno, aliendelea Breki. Mbegu mbichi ikiingia kwenye joto na maji, inafanya nini? Inaota. Yule binti alikuwa na shamba tumboni.

— Au katupiwa jicho, alisema Fundi. Wapinzani walikuwa wanamwangalia sana.

— Jicho, alidakia Kocha haraka. Hilo linawezekana.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando yetu, mfuko wa nguo mkononi. Tulidhani anasubiri viatu. Fundi akamsogezea nafasi.

— Karibu, dada. Tunamzungumzia binti mmoja mkimbiaji.

— Nimesikia. Ni mdogo wangu. Nimetoka wodini kumchukulia nguo.

Kocha alikiweka kikombe chini.

— Anaendeleaje? aliuliza Fundi.

— Amelala. Daktari anasema maharage mabichi yana protini inayochubua utumbo. Yakichemka vizuri, inakufa. Na mtu akikimbia kwa nguvu, damu inahamia miguuni, tumbo linabaki na kidogo. Utumbo wake umechubuka, umevimba. Atapona, lakini msimu huu hakimbii.

— Madaktari wenyewe wanabahatisha, alisema Breki kwa sauti ya chini.

Dada alimgeukia Kocha.

— Wewe ndiye mwalimu wake?

— Ni mimi. Shikamoo… pole, dada.

— Anasema tumbo lilianza kumuuma kabla ya masika kuisha. Anasema alikwambia, tena si mara moja. Ulimjibu nini?

Kocha alikitazama kikombe chake. Fundi akachukua kiatu, akakigeuza, akakirudisha chini. Dada alingoja, kwa upole kabisa, kama mtu aliyeuliza njia. Kisha akaweka mfuko wake begani na kuondoka kuelekea hospitalini, na Kocha akabaki ameinamisha kichwa mpaka jua likalifikia benchi.