Kicheko cha Daryunah

Benchi la Bi Kaswi, muuza kahawa, liko mkabala na stesheni ya treni ya Jatibarang, chini ya turubai lililokuwa bango la kampeni. Kila alasiri, soko likishafungwa, wenyewe huja mmoja mmoja kunywa kahawa yenye mashapo na kubishana. Yupo Carkim, fundi simu, waliyembandika jina la Televisheni kwa kuwa hakuna kinachompita mtandaoni. Yupo Wasdi wa pikipiki za abiria, anayeitwa Breki kwa sababu hana. Na yupo Casmadi, fundi baiskeli, mgane wa maneno machache, ambaye ujanani alipuliza filimbi ya mwanzi katika kundi la muziki wa tarling, wakizunguka na gitaa na ngoma zao kwenye harusi za wilaya nzima ya Indramayu.

Wiki ile ubishi ulikuwa juu ya video moja. Mtu asiyejulikana alikuwa amerusha kipande cha harusi ya zamani, picha imefifia kama nguo iliyosahaulika juani. Mwimbaji, binti mwenye blauzi ya kijani, anaimba habari za mpenzi aliyekwenda mjini. Katikati ya ubeti anakatisha, anageuka kumtazama mtu asiyeonekana, anacheka, halafu anaendelea. Basi, ni hivyo tu. Lakini kicheko kile kiliwapagawisha watu. Wasichana wa Jakarta walikuwa wakikiigiza mbele ya simu zao, na wauza viatu wamekitia kwenye matangazo.

Mwimbaji mwenyewe wote walimjua. Ni Daryunah, binti wa pale pale Jatibarang, aliyekwenda Taiwani kutunza wazee wa watu na hakurudi tena. Walichobishania ni nani aliyemchekesha.

Breki alishikilia kwamba bwana harusi alidondoka na kiti. Televisheni akaona hiyo ni ndogo. Akasema mbuzi wa karamu alikata kamba akala maua ya kichwani mwa bibi harusi. Kesho yake Breki akaja na mzimu wa bibi yake Daryunah, uliokuwa ukicheza nyuma ya spika. Televisheni asikubali kushindwa, akatangaza kwamba video yote imetungwa na kompyuta na huyo Daryunah hajawahi kuzaliwa.

– Huyo ambaye hajazaliwa alikuwa anakunywa kahawa hapo ulipokaa, Bi Kaswi akamwambia. Na alikuwa halipi kwa maneno kama wewe.

 Ile video Casmadi alikuwa ameitazama nyumbani peke yake mpaka simu ikazima. Sasa, labda kwa kuchoshwa na mizimu na mbuzi, maneno yakamtoka.

– Alinicheka mimi.

– Wewe, Kang? Breki akauliza, akimwita kaka kwa heshima, ingawa mdomo ulikuwa unamcheza. Daryunah akucheke wewe una nini?

 Casmadi alimwomba Televisheni aongeze sauti, wasitazame, wasikilize tu. Wakainamisha vichwa. Filimbi ilikuwa inamfuata mwimbaji hatua kwa hatua, na kabla tu ya kicheko, ikakatika.

Ndipo akawasimulia. Siku ile Daryunah alibadilisha maneno ya wimbo. Pale palipotajwa mji, yeye akataja kijiji cha akina Casmadi, huku akimtazama. Pumzi ikamwishia Casmadi. Harusi ilipokwisha, Daryunah alipanda nyuma ya lori la vyombo, akatandika mkeka, akaacha nafasi pembeni yake. Casmadi aliiona ile nafasi. Akaenda kukaa mbele na dereva, akijiambia atasema naye kesho. Mvua hazijaanza, wakala akawa ameshamchukua Daryunah kumpeleka ng'ambo.

 Kwa mara ya kwanza Televisheni akasema jambo la maana: siku hizi mtu anaweza kuweka video yake ubavuni mwa ya mwingine, zikaenda pamoja. Kang apulize pale filimbi ilipokatika.

Casmadi alikataa. Lakini siku moja akaja na filimbi imefungwa kwenye kipande cha saruni. Midomo ilikuwa imekauka, na mwanzoni ulitoka upepo mtupu. Bi Kaswi akazima jiko ili lisimpigie kelele. Akajaribu tena, na tena, mpaka ile sehemu iliyokosekana ikatoka nzima, laini, ikapita chini ya kicheko cha Daryunah kama maji chini ya daraja. Breki akageuka akajifanya anaangalia pikipiki yake.

Televisheni akairusha, watu wakaipenda. Salamu zikamiminika kutoka miji ya mbali, Medani na Makasa. Mwingine kalia, mwingine anataka kuolewa na mpuliza filimbi. Kila alasiri Televisheni aliyasoma majina kwa sauti na Casmadi akasikiliza. La Daryunah halikuwemo. Nadharia zikaanza upya: ameolewa na tajiri, ana hoteli, amekuwa mtawa mlimani.

Siku moja treni ya alasiri ikashusha mwanamke mwenye sanduku kubwa lililofungwa kamba. Akaomba kukaa benchini amsubiri kaka yake. Alikuwa anatoka Taiwani likizo. Wote watatu wakamgeukia pamoja, na Televisheni akamwonyesha video.

Aliitazama hadi mwisho. Hakumfahamu Daryunah; huko, alisema, watu wa kwetu ni wengi. Ila siku za mapumziko wanawake wa Indramayu hukutana kwenye stesheni kuu ya huko, hukaa chini sakafuni wakala pamoja. Akirudi atauliza, mmoja baada ya mwingine.

– Nikimpata, akasema, nimwambie nini?

Breki akatazama kikombe chake. Televisheni akaizima simu. Bi Kaswi alibaki ameshika birika, hamimini. Wakamngoja Casmadi.

– Huko saa hizi ni saa ngapi? hatimaye akauliza.

– Wametutangulia kwa saa moja. Giza limeshaingia.

Casmadi akaitikia kwa kichwa, macho kwenye reli.

– Basi atakuwa ameshakula, akasema.