Alama Zilizopindwa

Muuguzi alikuwa ametoka zamu na alitaka kusinzia tu, lakini mwalimu wa kompyuta aliyeketi mbele yake kwenye treni alikuwa amewaka. "Darasa zima limefeli, dada!" alimwambia mwanamke wa pembeni, asiyemjua. "Wamenakili msimbo, yale maagizo ya kompyuta, kutoka kwenye karatasi ya mtihani iliyo kwenye kompyuta, wameubandika, mashine imeukataa. Kumbe mtu kazipinda alama za kunukuu ili zipendeze! Kompyuta inataka zilizonyooka. Haijui urembo."

Mwanamke angenyamaza, safari ingekuwa shwari. "Kaka, karatasi ile niliiandaa mimi. Programu ya kuandikia huzipinda yenyewe. Mimi hukagua mwonekano wa ukurasa, msimbo siujui."

"Basi umewapambia watoto jeneza!"

"Na wewe uliwafundisha nini, kubandika tu kama kasuku? Hawana vidole vya kuandika?"

Muuguzi usingizi ulishamruka.

"Kakiri kwa wakubwa zako," mwalimu alisema, "watoto warudie mtihani."

"Nikikiri nafukuzwa. Wanangu utawalisha wewe?"

Treni ikasimama. Wote wawili walikuwa wanashukia hapo, na mlangoni hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake.