Sauti ya Mwinjilisti Yotamu Juu ya Kichanja cha Mbegu

Asifiwe Bwana, aliyenisikia siku ambayo mimi mwenyewe sikuthubutu kusikiliza! Ndugu zangu, wengi wenu mnanijua kwa makala zangu. Nimezoea kuandika juu ya udhaifu wa watu wengine nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye mto. Leo nasimama mbele yenu. Mnivumilie.

Nilisoma Chuo Kikuu. Nilitoka huko nikiwa na maoni juu ya kila kitu, hata vitu ambavyo sijawahi kuvishika. Kuogopa sikufundishwa. Somo hilo nililipata mwanzoni mwa miaka hii ya sabini, katika barabara ya Iringa kwenda Mbeya, nikiwa nimepakata sauti ya mtu mwingine.

Mtu huyo ni Mwinjilisti Yotamu wa Rujewa. Alihubiri katika bonde la Usangu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kwa Wasangu wenye mashamba ya mpunga na kwa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Kisha koo likamshika. Waganga wa hospitali ya Iringa wakamwambia wazi: tutakukata, utapona, lakini hutasema tena. Alikuja kukaa nyumbani kwangu, hapo hapo Iringa, akisubiri siku ya kukatwa. Akaniomba jambo moja. Alitaka mafundisho yake yabaki kwa sauti yake, ili watu wa Usangu wayasikie hata yeye akiwa bubu.

Nilipata tepurekoda mbili za betri, moja ya shule niliyofundisha na moja ya muuguzi jirani yetu. Mbili, kwa sababu mikanda, iliyoviringishwa kwenye magurudumu madogo ya plastiki, ilikuwa mifupi na Mzee Yotamu hakupenda kukatizwa. "Mwalimu," aliniambia, "Roho akishuka nimwambie asubiri unabadilisha gurudumu?" Basi tukabuni utaratibu wetu. Mkanda wa mashine ya kwanza ulipokaribia kwisha, nilimpungia mkono. Yeye aliimba ubeti mmoja wa wimbo, kila mara ubeti mwingine, na wakati anaimba niliwasha mashine ya pili. Ubeti ule ulinaswa na mashine zote mbili. Kisha ya kwanza ilikwisha, ya pili ikaendelea. Tuliupa jina: kupokezana kijiti. Alasiri baada ya alasiri tulipokezana, mpaka akawa amesema yote.

Kila mkanda ulipojaa niliurudisha mwanzo. Mwanzo wake ulikaa nje na mwisho ukakaa ndani kabisa. Nilifanya hivyo kwa sababu nilimwona mtu wa redio akifanya. Sikujua maana yake. Kumbukeni hilo, ndugu zangu, kwa maana nitawaeleza Mungu alilitumiaje.

Akakatwa. Akapona. Akapelekwa Uyole kwa binti yake Sekela, apate nguvu. Nami nikapanda basi na mfuko wa mikanda yote nimpelekee, tutafute fundi wa kuinakili kwa ajili ya sharika za Usangu. Ndani ya mfuko nilitia pia mkanda wa mhadhara wangu mwenyewe. Hakuna aliyeuomba. Nilidhani mgonjwa angefurahi.

Mafinga basi likajaa. Utingo akauangalia mfuko mapajani mwangu.

"Mwalimu, huo ni mzigo au mtoto?"

"Mtoto," nikasema.

"Basi mtoto apande juu apate hewa."

Watu wakacheka, mfuko ukapokonywa, ukaenda kwenye keria. Nusu saa baadaye mvua ya Mufindi ikashuka, ile inayopiga bati la basi kama mawe. Niliomba wasimamishe. Utingo akajibu kwamba hata yeye ana magunia ya unga juu na hapigi kelele. Tulipofika Nyololo basi likafa kabisa. Nilipoushusha mfuko, maji yalitiririka kwenye kona zake. Karatasi nilizobandika kuonyesha mkanda gani unafuata upi zilikuwa zimebaki doa la wino.

Nililala kwa binamu yangu pale pale Nyololo. Asubuhi nikaenda kuuliza habari za basi. Niliporudi, mke wa binamu, Mama Semeni, alinipokea uso uking'aa.

"Shemeji, vitu vyako nimekutunzia. Nimeviweka mahali pa heshima."

Ndugu zangu, nyinyi mnajua mahali pa heshima katika nyumba zetu ni wapi! Ni kichanja cha jikoni, juu ya mafiga, panapowekwa mahindi ya mbegu yapigwe moshi yasiliwe na wadudu. Mama yule alichukua kilicho cha thamani na kukiweka palipo na thamani. Niliingia jikoni nikaona mikanda ya Mzee Yotamu imepangwa kati ya mahindi, moshi unaipita, moto chini unachemsha maharage. Sehemu ya nje ya kila gurudumu ilikuwa imejikunja kama majani makavu ya mgomba.

Nilimshukuru. Aliniuliza, "Imekauka vizuri?" Nikasema imekauka sana.

Hofu iliyonipata hapo ilikaa nami. Ilipanda basi pamoja nami, ikapita Makambako, ikapita njia panda ya Rujewa, na Uyole ikashuka pamoja nami. Si hofu ya kufa. Ni hofu ya kushika kitu kimoja tu duniani, kisicho na cha pili, na kutojua kama kipo au hakipo. Sikuthubutu kukiweka kwenye mashine. Je, kingekatika? Je, kingenata? Je, kingesema neno moja na kunyamaza milele kwa sababu mimi nilikuwa na haraka ya kujua?

Mzee Yotamu alikuwa amekaa mlangoni, shingo imefungwa kitambaa cheupe, kibao cha shule mapajani. Aliandika kwa chaki: NITASIKIA LINI?

Nikamweleza mvua. Nikamweleza kichanja. Sekela akapiga makofi. "Yaani Mwalimu! Mama Semeni amembanika baba kama samaki!" Baba yake akatikisika mabega kwa kicheko kisicho na sauti, na kicheko kile kisicho na sauti kiliniumiza kuliko kama angenitukana.

Kisha wakaja waokozi. Lo! Mtu akipoteza kitu, waokozi hawakosekani. Wa kwanza alikuwa fundi redio wa pale sokoni Uyole. "Lete hapa, nitapiga pasi, itanyooka kama suruali ya harusi." Wa pili alikuwa Mbeya mjini, mwenye chupa ya dawa. "Hii inasafisha chochote. Wazungu wenyewe wanaitumia." Wote wawili walikuwa na hakika. Na mimi, mtu wa chuo, napenda sana mtu mwenye hakika. Nilikaribia kumpa wa kwanza gurudumu zima. Mkono ulikuwa tayari ndani ya mfuko!

Hofu ikanizuia; na kesho yake, kabla sijarudi sokoni, Mzee Yotamu alinishika kiganja tuombe. Tukainama kimya. Sikuwa na maneno, yeye hakuwa na sauti. Nilipofungua macho nilimwona anaandika. Nilitegemea aandike maneno ya kunitia moyo, kama wainjilisti wanavyofanya. Aliandika: MIMI PIA NAOGOPA.

Bwana asifiwe kwa kibao kile! Nilitazama chaki ile na akili ikanifunguka. Kumbe hofu yangu haikuwa dhambi ya kukemewa. Ilikuwa imewekwa mlangoni inilinde. Nikaona njia mara moja: nisimpe mtu yeyote sauti ya mzee huyu kabla sijaona mkono wake unafanya nini kwa kitu ambacho kikiharibika sitakililia. Na kitu hicho nilikuwa nacho. Mhadhara wangu! Ulilowa mvua ile ile, ukakaa kichanja kile kile. Sekela akaniletea mkasi, nikaukata vipande.

Fundi wa pasi akapiga pasi kipande chake. Kilisinyaa mbele ya macho yangu kikawa kama utumbo wa kuku. "Aah, huu wako ni mbovu," akasema, "mzuri utakubali." Fundi wa dawa akafuta cha kwake kwa pamba. Rangi yote ya kahawia ikahamia kwenye pamba, mkononi mwake ukabaki utepe mweupe unaoonyesha upande wa pili. Nikafikiri: ungekuwa mkanda wa Yotamu ule, koo lake lingekuwa limekatwa mara ya pili.

Wa tatu nilielekezwa na mwuza betri. Aliitwa Salumu, Mwislamu mswalihina, mbishi, mwenye duka dogo karibu na stendi ya Mbeya. Nilipomwonyesha mikanda alirudisha mikono nyuma.

"Ukiharibika huu, una mwingine?"

"Sina."

"Mwenye sauti yupo?"

"Yupo, lakini hana sauti."

"Basi toa hiyo haraka yako dukani kwangu, kaka. Mimi naogopa."

Ndugu zangu, nilitaka kumkumbatia! Alichukua kipande cha mhadhara tu. Hakukipasha moto, hakukipaka kitu. Alikilegeza polepole, akakitundika ndani ya nyumba kwenye kivuli, akaniambia niende zangu. Niliporudi siku nyingine alikicheza kwenye mashine huku mashine ya pili ikinakili, mara moja tu, bila kurudia. Nikasikia sauti yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniangalia kwa huruma.

"Inasikika. Ila, Mwalimu, hii ndiyo ulitaka kumpa mgonjwa?"

Nikamwachia mikanda yote.

Siku ya kucheza, Sekela alimleta baba yake dukani. Salumu alituonya: akisikia mlio mbaya atasimamisha, na kilichopotea kimepotea. Mkanda wa kwanza kuushika ulipasuka mwanzoni. Sehemu yote ya nje iliyojikunja ilikatika vipande akaiondoa kwa kucha, na mzee akafumba macho. Kisha ndani, pale moto haukufika, ikatoka sauti. Nzito, yenye kikohozi. Ni yeye! Sekela akalia kwa sauti, Salumu akamwonyesha kidole kwamba anyamaze, mashine inanasa.

Kila mkanda ulikuwa umeungua nje. Na nje, kama nilivyowaambia, ndipo ulipokaa mwanzo. Na mwanzo wa kila mkanda ulikuwa nini? Ubeti wa kupokezana! Ubeti ule ule uliofungwa salama ndani kabisa ya mkanda uliotangulia. Moto ulikula kile tu kilichokuwa na cha pili chake. Yote ilipokwisha kunakiliwa tukasikiliza nakala, na kila tulipofika mwisho wa gurudumu tukisikia anaimba, Mzee Yotamu alinyoosha kidole kuonyesha gurudumu linalofuata, kwa sababu alikumbuka baada ya ubeti upi alisema nini. Mpangilio uliofutwa na mvua ukarudi. Mtaniambia ni bahati. Haya, niambieni hivyo. Mimi nilikuwepo, na najua sikuwa na akili ya kupanga jambo kama lile.

Mkanda wa kwanza kabisa tu ndio haukuwa na wa kuutangulia. Mwanzo wake ulikwenda moja kwa moja. Pale ilikuwepo salamu yake. Kila alipoingia kanisani popote Usangu, Yotamu alisema, "Je, tupo?" na watu wakajibu, "Tupo kwa neema!" Maneno yale mawili hayapo tena duniani kwa sauti yake. Salumu aliuliza kama nataka nimwigize tuweke mwanzoni. Mzee akatikisa kichwa: hapana.

Tukaenda Rujewa. Kanisa lilijaa mpaka nje, watu wa mashine za mpunga wakiwa bado na pumba mabegani. Tuliweka tepurekoda juu ya meza ya mbele na Mzee Yotamu akakaa kando yake. Mimi niliogopa tena, maana niliona watu watashtuka sauti ikianzia katikati ya sentensi, kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi. Nikabonyeza. Mkanda wa nakala ukazunguka kwanza mtupu, unachakarisha, hakuna kitu. Watu wakatazamana.

Ndipo bibi mmoja wa mstari wa mbele, macho yake yakiwa kwa mzee na si kwa mashine, akaita, "Tupo kwa neema!" Kanisa zima likapokea, "Tupo kwa neema!" Mzee Yotamu akasimama, akainua mkono kama alivyokuwa akifanya siku zote, na sauti yake ikaanza kufundisha.

Namshukuru Mungu, namshukuru Salumu, namshukuru hata Mama Semeni na kichanja chake. Na wewe unayenisikia, uliyeshika kitu kimoja kisicho na cha pili, mkono unatetemeka: usione haya. Inama na kutetemeka kwako hivyo hivyo, umwambie. Yeye hahitaji uwe na hakika ndipo akusaidie. Amina!