Mawe Sitini na Matatu na Jina la Mletaji

Mgeni rasmi, karibu Mbeya, karibu katika Chumba cha Mawe. Koti usilivue, baridi ya Juni haina adabu. Sisi tuliosimama mbele yako ni mchimbaji, karani, mfagizi na mlinzi wa lango. Kabla hujawasha ile taa ya zambarau tunaomba utusikilize, maana tumegombana, na tuliyoyagombania ni mawe haya haya uliyokuja kuyaona.

TULIKOTOKA

Mwaka 1953 Bwana Mpima wa madini alifika na taa yake. Alifunga madirisha, akamulika jiwe la kijivu ambalo sote tulikuwa tukilikanyaga, nalo likawaka jekundu kama kaa la moto. Lo! Benedicta, mfagizi wetu, alitupa ufagio akatoka nje. Tangu siku hiyo mwenzetu Kasian, mchimbaji, hakutulia. Alizunguka Songwe, akafika hadi Mufindi, na kila mwisho wa mwezi alirudi na gunia begani.

MAFANIKIO

Leo tuna mawe sitini na matatu. Kila jiwe lina tone la rangi nyeupe lenye namba, na kila namba ina kadi yake: limetoka wapi, linawaka rangi gani, limeletwa na nani. Kadi ameziandika karani wetu, Bwana Alawi. Mwandiko wake, mheshimiwa, hata tusiojua kusoma tunapenda kuutazama.

MATATIZO

Kwenye "limeletwa na" ndipo tulipoharibikiwa. Bwana Mpima alimaanisha aliyeliokota. Bwana Alawi akaelewa aliyelifikisha mezani, na kwa desturi ya ofisi gunia hupokewa langoni na karani, akalibeba hatua ishirini hadi ndani. Basi kadi zote sitini na tatu zikasema: Alawi.

Kasian aliyajua hayo mwezi uliopita, kadi zikisomwa kwa sauti ili zipelekwe kuchapwa kitabu. Jina la Alawi lilipotajwa mara ya tano alicheka. Lilipofika mara ya thelathini wivu ulikuwa umemkaba. Alimwonea wivu Alawi kwa kila kitu: mwandiko, kanzu safi, viatu visivyojua matope.

"Nimeandika nilichoulizwa," Alawi akasema. "Nani aliyaleta hapa?"

"Na iliyopanda milima ilikuwa miguu ya meza?"

Kesho yake Kasian alichukua kitambaa na mafuta ya taa, akafuta namba zote. Hatukufichi. Kadi zikabaki hazijui mawe yake, na aliyekumbuka lipi lilitoka wapi ni Kasian peke yake, naye kanuna.

Tuliwakalisha pamoja. Bwana Alawi akasema, "Kaka Kasian, niwie radhi. Nilijua zamani kwamba si sawa, ila nililipenda jina langu pale." Kasian akalainika. Kwa siku nne alitaja, Alawi akaandika upya: limeletwa na Kasian. Wakafika la mwisho, kubwa kuliko yote, la kutoka Igowole kule Mufindi, na Kasian akajitaja upesi mno.

Hapo tukaguna, maana habari ya jiwe lile tunaijua. Alilifukua mkewe Verediana, Mama Mika, akipalilia mahindi. Akalifunga kwenye kanga, akamkabidhi mumewe kwenye lori.

"Lakini niliyelileta ni mimi," Kasian akasema.

Alawi akaweka kalamu chini.

MAOMBI

Tunaomba kabati la vioo na mapazia mazito, mwanga wa mchana unatushinda. Ombi kubwa ni kadi ya sitini na tatu, ambayo mpaka sasa iko wazi: tunaomba jina uliandike wewe. Kasian anasema jina la mke wake likikaa kwenye jiwe kubwa kuliko yote, watu watauliza yeye alikuwa wapi. Anamwonea wivu mwenzake wa nyumbani, mheshimiwa, na anatusikia tukisema hivi.

Mungu akujalie safari njema ya kurudi Iringa, vumbi lisikuzidi, na nyumbani uwakute wazima.

Mama Mika yule pale mlangoni, mwenye kanga ya njano. Jiwe lake hajapata kuliona likiwaka. Tunaomba aingie kabla yako. Likishawaka, muulize mbele ya mumewe ni nani aliyeliokota. Akisema, "Ni mume wangu," usiandike. Muulize tena.

Ni sisi, wafanyakazi wa Chumba cha Mawe, Mbeya, Juni 1956.
Msomaji: Bartholomeo, mlinzi wa lango.