Bi Mkato, Kurasa Elfu Sita na Kipengele cha Saba

Leo, tarehe thelathini Juni, Bi Mkato anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya maji kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Anaondoka na afya njema, mjukuu mmoja, na barua ya onyo kwenye jalada lake. Barua hiyo niliombwa nisiitaje katika kijitabu hiki cha sherehe. Nimeitaja, tena mapema, ili atakayekasirika akasirike kabla chakula hakijaletwa.

Kwa wageni wetu ambao hamnifahamu: mimi nilikuwa katibu wa kamati iliyochagua mfumo mpya wa kuendeshea tovuti yetu, yaani ile programu ambayo mtu anaitumia kuandika tangazo na kulipandisha mtandaoni. Niliketi chumba kimoja na Bi Mkato kwa miaka tisa. Nimepewa kazi ya kumsifu, na sifa anazo tele. Ila sitamvika kilemba cha ukoka mtu tuliyemkosea, halafu tupige makofi twende zetu kula.

Alianza kazi chumba namba sita, mpiga chapa, kwenye mashine ambayo herufi moja ilikuwa imekatika. Kila barua iliyotoka mle ilibidi aijaze ile herufi kwa kalamu, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa ukurasa. Mkubwa wake wa wakati huo alimwambia aache tu, watu wataelewa. Akamjibu kwamba mtu aliyekosa maji tangu asubuhi hana nafasi ya kutegua mafumbo.

Jina la Bi Mkato lilikuja baadaye. Mkurugenzi wa zamani alimpa barua ya kuwaomba radhi wateja ili aipige chapa, naye akamrudishia ikiwa na masahihisho saba ya wino mwekundu, mengi yakiwa ya alama ya mkato. Tangu siku hiyo hakuna andiko lililotoka nje ya jengo hili bila kupita mezani kwake. Nyumbani nako hawakusalimika. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, ametuapia kwamba orodha ya vitu vya sokoni hurudi imesahihishwa, na binti yao alikoma kabisa kumwandikia ujumbe wa simu. Siku hizi anapiga.

Tovuti ilipoanzishwa miaka kumi na tisa iliyopita, kila mmoja wetu aliikwepa, kazi ikamwangukia yeye. Alijifunza kwa kumganda fundi wa kompyuta mpaka maskini yule akasalimu amri. Tangazo lake la kwanza lilisomwa na watu kumi na mmoja, na tisa kati yao tulikuwa sisi wenyewe. Wa kumi alipiga simu kutuarifu kwamba kwake maji yanatoka vizuri tu, ahsante.

Sasa jamani, naomba mnisikilize hapa, maana ndipo penye kiini cha habari. Ofisi nyingine bomba likipasuka huandika kwamba maji yamekatika, poleni kwa usumbufu, basi. Bi Mkato hakuwahi kuandika hivyo. Kila bomba lilipopasuka alivaa viatu vyake vya mpira akatoka na mafundi, akasimama pale kwenye tope na daftari lake. Akirudi anaandika mtaa gani, bomba la namna gani, limepasukia wapi, na zaidi ya yote, ile vali iliyofunga maji imefukiwa mahali gani. Ramani zetu zilichorwa na watu waliokwisha kufariki, na nusu ya vali hazimo. Kwa hiyo alihesabu hatua. Hatua kumi na mbili kutoka mlango wa kinyozi, upande wa kushoto, chini ya jiwe lililopakwa rangi nyeupe. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa, kurasa elfu sita mia mbili na kumi na nane. Mafundi wetu hawakuwa na kitabu kingine. Kabla ya kuinua sururu, fundi mkuu alikuwa anafungua simu yake na kutafuta Bi Mkato amesemaje.

Mwaka juzi ikaamuliwa tovuti imezeeka. Ilikuwa imezeeka kweli, na wa kwanza kulalamika alikuwa yeye. Kamati ikaundwa, mifumo mitatu ikaletwa tuchague. Sisi wajumbe tulijifungia ukumbini tukalinganisha rangi. Bi Mkato, ambaye aliwekwa kwenye kamati kwa kuwa hakukuwa na namna ya kumwacha, alibeba kompyuta akashuka nayo mpaka getini kwa mlinzi.

Mlinzi wetu mnamfahamu, yule mrefu mwenye filimbi. Alikuwa hajawahi kuandika kitu chochote kwenye tovuti maishani mwake, na ndiyo sababu akachaguliwa. Bi Mkato alimpa tangazo kwenye karatasi, kwamba kesho maji yatakatika mtaa wa juu kuanzia saa tatu hadi saa nane, akamwambia alipandishe, yeye akatazama saa. Mfumo wa kwanza, ule wa bure ambao nusu ya dunia inautumia, mlinzi aliumudu kwa dakika tisa. Wa pili dakika ishirini na mbili, na matusi kidogo. Wa tatu hakuuweza, wala asingeuweza, kwa sababu kitufe cha kuchapisha hakikuwepo. Ukishaandika, unaijazia fomu kampuni iliyouuza mfumo, nao wanakupandishia ndani ya siku kumi za kazi. Mlinzi akauliza, sasa maji yakikatika leo, mimi nimwombe nani ruhusa ya kusema?

Swali hilo Bi Mkato aliliandika neno kwa neno kwenye ripoti yake ya ukurasa mmoja. Liko pale mpaka leo, halijajibiwa.

Tukachagua wa tatu. Mtashangaa, lakini mngekuwepo ukumbini siku ile msingeshangaa. Bwana wa kampuni alikuja na suti yake, akawasha projekta, na kwenye ukurasa wa mbele yakaanza kudondoka matone ya maji. Ukipitisha kishale, tone linapasuka na kutoa mviringo. Mkuu wetu wa idara alipasua matone kwa dakika kumi nzima, akicheka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ripoti ya mlinzi ilipofikiwa, watu walicheka pia, ila kicheko cha namna nyingine. Mjumbe mmoja akauliza kama tutamshirikisha na mfagiaji.

Bi Mkato hakubishana. Aliuliza jambo moja tu, kurasa za zamani zitahamaje. Bwana wa suti akasema zitahama zenyewe, kisha akasema itategemea, kisha akasema hilo ni suala la kiufundi. Hapo hata sisi tulishtuka. Kikao kikaamua, na kuamua kwa kauli moja, nikaandika kuwa kipengele cha saba: seva ya zamani isizimwe mpaka kurasa zote zihamishwe, na Bi Mkato athibitishe kwa saini yake.

Baada ya kikao Bi Mkato aliondoka likizo, binti yake alikuwa amejifungua. Aliondoka na roho nyeupe kwa kuwa jambo lake lilikuwa limeandikwa. Mkuu wa idara akaisoma rasimu ya muhtasari. Akaniita ofisini kwake akaniambia kipengele cha saba kinaufanya mradi uonekane haujakamilika, nikitoe, hayo mambo yatashughulikiwa baadaye. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unaisha mwezi uliofuata, na wa kuuongeza ni yeye. Nikakitoa. Sikubishana hata dakika moja. Kipengele cha nane kikawa cha saba, muhtasari ukasainiwa, ukasambazwa.

Fundi wa kompyuta alisoma muhtasari, hakuona zuio lolote, akafanya kazi yake. Seva ikazimwa, diski zikafutwa zikapelekwa kwenye matumizi mengine. Maji yakimwagika hayazoleki, na sisi ndio tunaouza maji.

Wiki mbili baadaye bomba kubwa la barabara ya soko likapasuka. Fundi mkuu akasimama kwenye maji ya magoti, akafungua simu kutafuta Bi Mkato alisemaje bomba hilohilo lilipopasuka miaka kumi na mmoja nyuma. Akakuta matone yanadondoka. Walichimba mashimo manne, yote siyo. Wadi ya wazazi ya hospitali ikakaa siku mbili bila maji, na ndugu wa wagonjwa wakapandisha ndoo kwa ngazi, ghorofa tatu, wake zao na dada zao wakiwa wamelala juu na vichanga. Siku ya pili fundi mkuu akampigia Bi Mkato huko kwa mwanawe. Alikuja na basi la kwanza. Kinyozi alikuwa amehama, pale pamekuwa duka la simu, na lile jiwe jeupe lilikwisha kung'olewa. Akasimama mlangoni mwa lile duka, akahesabu hatua zake, akaonyesha kwa ncha ya kiatu. Walichimba mara moja tu.

Nilidhani tutamshukuru. Tulichofanya ni kuunda kamati nyingine, ya uchunguzi, kwa sababu hospitali ilikuwa imeandika malalamiko na lazima apatikane mtu. Niliitwa nikaulizwa kama kulikuwa na uamuzi wowote kuhusu kurasa za zamani. Nikajibu kwamba kwenye muhtasari hakuna kitu kama hicho. Ni kweli, hakikuwemo. Wajumbe wengine wanne waliokuwa kikaoni kumbukumbu ziliwatoka ghafla, wote kwa pamoja. Mkuu wa idara akasikitika kwamba mhusika wa tovuti alikwenda likizo bila kukabidhi nakala. Bi Mkato alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Aliniangalia mara moja, kisha akaangalia mikono yake.

Akapewa barua ya onyo kwa uzembe. Mwanamke aliyesimama kwenye tope miaka kumi na tisa, uzembe! Barua yenyewe ilikuwa na makosa mawili ya uandishi kwenye sentensi ya kwanza. Hakuyagusa. Alisaini kuipokea, akarudi mezani, akaendelea na kazi ambayo haikuwepo tena, maana kuandika kulibaki kuwa kujaza fomu na kusubiri siku kumi. Katika miezi minne hii ya mwisho nilimwona akizijaza fomu hizo bila kukosea, kwa mkato na nukta zake, akijua kuwa tangazo litatoka maji yakiwa yamesharudi.

Juma lililopita nilimsaidia kufungasha vitu vyake. Kwenye droo ya chini, ndani ya bahasha, nikakuta rasimu yangu. Ile ya kwanza. Nilikuwa nimempelekea kabla ya kumpelekea mkuu, kama ilivyo desturi yetu sote, ili aisahihishe, na alikuwa ameichapisha, akaisahihisha, akanirudishia picha yake kwa barua pepe akiwa njiani kwenda kwa binti yake. Kumbe karatasi yenyewe aliiweka. Kipengele cha saba kimo, tarehe imo, na ule mkato katikati ya sentensi ni wake, kwa wino mwekundu. Aliniambia karatasi hiyo ilikuwa kwenye mkoba wake siku ya uchunguzi. Angeiweka mezani, barua ya onyo ingekuwa yangu, na pengine kazi pia.

Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza nikiwa nalia, sioni aibu kusema. Alikuwa anafunga kamba kwenye boksi, hakuinua kichwa. Akaniambia, "Wewe mwanangu una watoto watatu shuleni. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi minne. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Basi nasema. Kipengele cha saba kilikuwepo, kilipitishwa, na aliyekitoa ni mimi, kwa maelekezo ya mkuu wa idara, ambaye anasoma maneno haya leo kwa mara ya kwanza pamoja nanyi kwa kuwa kijitabu nimekipeleka kwa wachapaji bila kukipitishia kwake. Nakala ya rasimu nimeikabidhi asubuhi hii kwa mkurugenzi, pamoja na barua yangu ya kuomba jalada la Bi Mkato lisafishwe. Nyingine nimeibandika ubao wa matangazo pale getini, mlinzi amenishikia ngazi. Kwenye tovuti sijaiweka, ningesubiri siku kumi.

Bi Mkato, kwa niaba ya mafundi wote waliowahi kuchimba mara moja badala ya mara nne, ahsante. Kwa niaba yangu, samahani, na najua neno hilo ni dogo na limechelewa. Mumeo na mjukuu wako wakufaidi sasa, maji yasikukatikie asubuhi wala jioni, na upumzike kama mtu asiye na deni kwa yeyote. Na kuanzia leo, mtu yeyote akikuuliza zile kurasa ziko wapi, usininyamazie tena.