Pekecha Uji, Veikko

Sogeeni hapa kitandani, wote wawili, na we Veikko zima hiyo redio, leo sina sauti ya kushindana nayo. Kaeni. Sitaki mtu anikatize.

Ya nyumba hayana maneno marefu. Nyumba nusu kwa nusu, sauna mtaoga wote, mashua achukue Veikko maana Tuulikki akiona maji anapiga mayowe. Sufuria la chuma la Tuulikki. Haya, mbona bado mnanitolea macho? Najua mnachosubiri. Mnataka niseme vile vitunda vyekundu, kranberi zangu, nachuma wapi.

Huku kwetu sheria inamruhusu yeyote kuchuma matunda kwenye msitu wa yeyote, kwa hiyo kinamasi kinakuwa chako ukinyamaza tu. Mama yangu alinitajia sehemu zetu kwenye kitanda hikihiki, siku yake ya mwisho, dada zangu wamefungiwa jikoni. Ndivyo tunavyorithishana. Ila mimi magoti yalinikataa mapema, nikamchukua Veikko nikamwonyesha ile ya maji mekundu ya kutu. Tuulikki, ulilia siku ile. "Mama, kwa nini yeye?" Nikakujibu wewe mdomo wako hauna mlango, kaka yako ndiye mkimya. Mkimya! Hebu mtazame anavyoangalia viatu.

Mnakumbuka kipaimara cha mjukuu wa Saimi, kiangazi kile? Saimi ambaye miaka arobaini ananiuliza "Lempi, matunda yako mbona matamu hivi, unayatia nini?" na mimi namjibu nayatia sukari. Siku ile akaniletea bakuli la uji wa kranberi, wa pinki, umepekechwa mpaka umekuwa kama povu, na maziwa baridi juu. Nikaonja. Wanangu, kranberi zilizolala chini ya theluji mpaka masika zina utamu wake, hizo anaweza kupata yeyote. Lakini ladha ile ya kutu, ya kama umelamba ufunguo, iko sehemu moja tu. Nikamuuliza, "Saimi, hizi umezitoa wapi?"

Akacheka mbele ya watu wote. "Sokoni, mpenzi wangu."

"Soko gani?"

"Aa, Lempi, nawe! Soko la mtu halichunguzwi. Kula, nikuongeze?"

Nikala nikamaliza. Nikasema ahsante. Kesho yake nikaenda na fimbo yangu, nikasimama kule kinamasini nikalia kama mtoto, maana Saimi na watu wake walipitisha zile reki za meno za kuchumia, wakang'oa mpaka mashina.

Na kwa nini siri ilitoka? Kwa sababu mume wa Saimi ndiye mkubwa wa kundi la wawindaji, na Veikko miaka yote alikuwa anaomba kuingia wanamwambia nafasi hakuna. Vuli ile nafasi ikapatikana. Ukaniletea paja la nyama, Veikko, unacheka, "Mama, kaanga!" Nikalikaanga. Sikulionja. Angenifanyia mgeni ningemtukana nikasahau. Nilikubeba mgongoni kwenye kinamasi hicho hujajua hata kutembea.

Usiniombe radhi sasa, pumzi ninayo kidogo na nina kazi nayo. Chukua sufuria lile pale jikoni. Kranberi nimeshachemsha na unga wa semolina asubuhi, sukari imo. Kalitoe nje ukae ngazini kwenye theluji, shika ule mti wa kupekechea, pekecha mpaka uji upoe na uwe pinki. Usirudi uji ukiwa bado mwekundu. Nenda. Funga mlango.

...

Unamsikia? Bado anapekecha. Sogea, Tuulikki, weka sikio hapa. Mama aliniachia sehemu mbili. Hii ya pili hajaiona mtu. Miaka mitatu mdomo wako usio na mlango umejua nani kaniuza na hukumwambia Saimi kwamba tunajua, hukumwambia hata mumeo. Basi... unapita lile ghala lililoungua, unaacha njia, unafuata...

Mbona kimya huko nje? Kasimama mlangoni huyo. Veikko! Pekecha uji!

Haya. Ameanza tena. Unafuata kijito mpaka misonobari mitatu iliyolala, halafu... lete sikio... eeh. Hapohapo. Umeshika? Nenda masika, theluji ikiisha. Peke yako. Usiende na reki. Vidole.

Nimechoka, mwanangu. Maji. Hapana, acha.

Mungu akulinde njia hiyo yote. Na yule nje pia amlinde, asipate baridi, umpelekee koti. Kila mwaka umpikie, umesikia, Tuulikki? Pai, uji, vyovyote, bakuli lake lijae kuliko lako, ni mwanangu yule. Ila akionja, akaacha kijiko, akakuuliza umezitoa wapi...

Mwambie sokoni.