Radio Isiyobebeka

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe asubuhi hii na kila asubuhi! Nawasalimu nyote, akina papa na akina mama, na ninyi wa benchi la nyuma mliochelewa mkadhani sijawaona. Macho yangu yamechoka, lakini kuona ndiyo ilikuwa kazi yangu, na bado naona vya kutosha.

Mnanijua kama Papa Zakaria, mzee wa kuchora sufuria. Watoto wa mtaa wetu wa Kabondo huniita hivyo wala sikasiriki. Maisha yangu yote nimechora vitu vya nyumbani: sufuria, taa ya mafuta, pasi ya makaa, kinu na mchi, viatu vilivyokanyagwa kisigino. Wengi mmeniuliza kwa nini sikuchora chui na tembo kama wachoraji wengine. Leo nitawajibu. Nitawaambia pia jinsi kitu kimoja cha nyumbani kilivyotaka kuniua, na jinsi Mungu alivyoniokoa.

Mimi ni Mgenia, mtoto wa wavuvi wa maporomoko. Baba yangu alitega migono, vile vikapu vikubwa vya kunasia samaki kwenye maji makali, na alitaka niwe kama yeye. Lakini mimi niliogopa maji! Mvuvi wa Wagenia anayeogopa maji, ndugu zangu, ni aibu ya ukoo mzima. Basi baba akanipeleka misheni, nikajifunza kuandika herufi kwenye mbao na kupaka rangi mashua. Rangi iliyobaki ndani ya kopo nilipewa mimi, na saa ya mapumziko nilichora. Cha kwanza kilikuwa mgono wa baba, na zile kamba zake zilizolowa. Baba aliutazama muda mrefu, kisha akasema kwamba kamba ya tatu imelegea. Nikaenda kuangalia mgono wenyewe, na kweli ilikuwa imelegea. Siku hiyo nikajua kazi yangu ni ipi.

Lakini wazungu walionunua michoro mjini hawakutaka mgono. Mmoja aliniuliza, nani mwenye akili atatundika sufuria sebuleni? Walitaka mitende, mtumbwi, na jua jekundu likizama. Bon, nikachora mitende. Ilinilisha, nikaoa nayo, lakini ukiniuliza leo mtende una majani mangapi siwezi kukuambia, kwa sababu hata mmoja sikuutazama.

Uhuru ukaja. Mji wetu, ambao wazungu waliuita Stanleyville na sisi tukauita Kisangani kama leo, ukacheza ngoma siku nyingi. Wazungu wengi wakaenda zao na mitende yangu ikakosa mnunuzi. Nilidhani nimekwisha, kumbe nilikuwa nafunguliwa! Wakaja makarani wapya, walimu, wauguzi, watu waliotoka nyumba kama yangu. Nikachora tena sufuria, kwa ukubwa wake kamili, na masizi yake chini, na ule mpini uliofungwa waya. Mama mmoja aliponiona nayo akalia. Alisema ni sufuria ya mama yake. Nilifurahi, ndugu zangu! Sijui furaha nyingine ya kazi inayozidi ile.

Hapo ndipo shetani aliponipata. Hakunipata kwa pombe wala kwa wanawake. Alinipata kwa kivuli.

Mjue kwamba kitu kilichochorwa hakidanganyi jicho mpaka umekiwekea kivuli chake. Mimi nilikijua kivuli kuliko mtu yeyote wa mji huu. Nikaanza kuchora vitu ili watu wadanganyike. Nilichora kisu mezani, mgeni akajaribu kukiokota. Nilichora nzi kwenye mlango wa kanisa, shemasi akampiga kofi mara tatu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Watu wakanisifu, nami nikavimba kichwa. Nilijiona naweza kuumba, na Muumba ni mmoja tu.

Jirani yangu alikuwa fundi cherehani, Papa Ramazani, Mwislamu wa zile familia za zamani za wafanyabiashara. Mtu mpole, mwenye maneno machache. Siku ya kuamkia Idi, mvua ilikuwa imenyesha, nikachora msumari kwenye nguzo ya baraza yake. Akatoka na kanzu mpya nyeupe aliyojishonea mwenyewe na kuipiga pasi, akaitundika. Kanzu ikaanguka kwenye tope mbele ya wateja wake. Mtaa mzima ulicheka, na sauti yangu ilikuwa juu ya zote! Alienda kuswali Idi na kanzu ya zamani. Mimi sikuomba samahani. Nilisema, mchezo tu, tonton, usikasirike. Toka siku hiyo alinisalimu bila kusimama.

Sasa sikieni kuhusu radio. Mke wangu Josefina alitamani sana radio, na radio haikuwa kitu cha nyumba yetu. Nikamwambia, ngoja, nitakuletea. Tulikuwa na meza ndogo iliyoegemea ukuta wa chokaa, mkabala na mlango. Nikachora radio kwenye ukuta, kana kwamba imekaa juu ya meza ile: vifungo viwili, kitambaa cha mbele, waya, na kivuli. Naapa hata mimi mwenyewe asubuhi niliamka nikashtuka. Jioni nilikaa karibu nayo nikaigiza mtangazaji anayewasalimu mabibi na mabwana, kwa Kifaransa cha puani: «Mesdames, messieurs, bonsoir!» Josefina alicheka mpaka akashika tumbo. Tulicheka hivyo jioni nyingi, na majirani walikuwa wanasikia.

Kisha uasi ukaingia mjini. Waliokuwapo wanajua, na waliozaliwa baadaye sitawaogopesha bure. Mtu aliyekutwa na foni, yaani radio ya kupelekea adui habari, alipelekwa mtoni na hakurudi. Basi. Wapiganaji wa uasi walikuwa na dawa, na dawa ilikuwa na miiko. Mwanamke asiwaguse. Nyumba yenye mzazi aliyejifungua karibuni wasiikanyage, maana dawa itaharibika na risasi zitawaingia.

Josefina alikuwa amejifungua siku nne zilizopita, mtoto wetu wa kike wa kwanza. Saa nne za asubuhi nikasikia vishindo uani. Watano, wenye majani kichwani na bunduki, na mkubwa wao amevaa ngozi ya nyani. Nyuma yao, akitazama chini, alisimama Papa Ramazani.

«Toa foni!» mkubwa akasema.

Nikasema sina foni. Yeye, akiwa hatua tatu kutoka mlangoni, akanyoosha mkono kuelekea ndani. «Na ile iko nini?»

Ndugu zangu, nilitazama anakotazama. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia mlangoni, na radio yangu ilikaa pale mezani, na kivuli chake, haina kosa hata moja! «Iko rangi tu, chef,» nikasema. «Nilichora kwa ukuta.»

«Unafikiri siye tuko wapumbafu? Leta!»

«Haibebeki, chef. Iko ukuta.»

Nikaomba niingie niipapase mbele ya macho yao. Akakataa, akasema nikiingia nitabonyeza na ndege zitakuja. Josefina akajikokota kutoka kitandani, akapitisha mkono juu ya radio nzima na kulia, «Iko ukuta! Angalia!» Mkubwa akasema mke wa mutu atasema nini kingine. Na wao kuingia hawawezi, kwa sababu ya mzazi. Mnaona mtego huo? Waliweza kuiona, hawakuweza kuigusa. Na mimi sikuweza kuitoa. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya ndiyo iliyokuwa inanipeleka mtoni.

Ndipo mkubwa akamgeukia Papa Ramazani. «Weye ndiye ulisema. Ulisikia Kifaransa, uliona radio. Bon. Ingia, uitoe. Mumoja kati yenu anadanganya, na mwenye kudanganya tunaenda naye.»

Papa Ramazani akavua viatu mlangoni, akaingia.

Nilitaka kuomba. Sala haikuja! Kilichokuja ni kanzu nyeupe kwenye tope. Niliiona wazi, na mikunjo yake ya pasi. Nikajua kila kitu hapo. Fundi huyu akigusa ukuta, atajua kwamba ukweli utamwua. Na uongo ni rahisi sana! Atasema tu kwamba foni imefungwa kwa misumari, haing'oki, na hakuna mpiganaji atakayeingia kuhakikisha. Mimi ningekuwa yeye, ningesema hivyo. Nawaambia mbele za Mungu, ningesema. Nikasema moyoni, Bwana, nilistahili, ila umtunze mtoto.

Alikaa ndani muda mfupi, sijui kiasi gani. Akatoka. Akainua kiganja cha kuume, kilikuwa cheupe kwa chokaa.

«Iko ukuta,» akasema. «Ni mimi nilikosa.»

Wawili wakamshika mara moja. Haleluya ilikuwa mdomoni mwangu tayari, ikanikwama. Nilikuwa salama, ndugu zangu! Ningenyamaza tu. Mtu aliyenichongea alikuwa anaondolewa, mke wangu anapumua, mtoto ananyonya. Na mwili wangu wote uliniambia ninyamaze.

Sijui nani alifungua kinywa changu. Najua, ni Roho. Nikasema, «Chef, ngoja! Huyu hakudanganya. Alisema kile aliona. Mudanganyifu ni mimi.» Nikaanza kuungama pale uani, mbele ya bunduki, mambo ambayo sikuwahi kumwambia mchungaji. Nzi wa mlango wa kanisa. Kisu. Msumari. Kanzu ya Idi. Nikaeleza hata kile Kifaransa cha jioni. Nilikuwa nalia na kamasi zinanitoka.

Mkubwa akanitazama. «Fanya ile sauti,» akasema.

«Sauti gani, chef?»

«Ya radio. Fanya!»

Nikafanya. Ndugu zangu, nimeimba mbele ya maaskofu, lakini sijawahi kutoa sauti kwa hofu kama ile. «Mesdames, messieurs…» Neno lililofuata likapotea kabisa. Nikarudia, «Mesdames, messieurs… mesdames…» Mpiganaji mmoja akaanza kucheka, kijana mwembamba, akashika bunduki isianguke. Wa pili naye. Mwishowe mkubwa mwenyewe, ngozi ya nyani ikitikisika begani.

Wakamwachia Papa Ramazani. Mkubwa akasema, «Zima hiyo radio.» Nikachukua ndoo ya chokaa na brashi pana, nikaifuta mbele ya macho yao, vifungo, kitambaa, waya, na kivuli mwisho. Mtaniuliza kama iliniuma. Hata kidogo! Nilikuwa napaka kama mtu anayeoga baada ya safari. Walikwenda zao na bata wetu wawili, na sikuwadai.

Papa Ramazani alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wangu. Nikapiga magoti. Nikamwomba samahani kwa kanzu, miaka mitatu baada ya siku yake.

«Kanzu ilikauka zamani, Zakaria,» akasema. «Siye wawili ndio hatukukauka.» Kisha akaniambia jambo ambalo ameniruhusu nilirudie leo. «Nilibaambia kile niliona na macho, wallahi. Lakini roho ilifurahi kusema. Ile furaha ndiyo zambi yangu, weye ukuwe na yako.» Nikamuuliza kwa nini hakudanganya mle ndani. Akashangaa swali. Akasema mutoto alikuwa anamwangalia. Siku nne, ndugu zangu! Mtoto wa siku nne haoni kitu. Lakini Mungu anaona.

Toka siku hiyo sijachora kitu kwa ukubwa wake kamili. Sufuria zangu zote ni ndogo kidogo kuliko sufuria, ili jicho lolote lisidanganyike. Na nawaambieni, zimekuwa nzuri zaidi! Mtu akijua ni mchoro, ndipo anaanza kuutazama. Nimelea watoto sita kwa vitu vidogo hivyo. Michoro yangu iko Ubundu, iko Kinshasa, mmoja uko kwa mapadri ng'ambo ya mto. Sijawa tajiri, nami sikuomba utajiri. Asubuhi naweka kikombe dirishani, nakitazama, namshukuru aliyeumba mwanga.

Wewe uliyekaa hapa na kosa lako dogo, lile unaloita mchezo, usingoje bunduki ije uani. Nenda leo, kabla chakula hakijaiva. Na wewe ambaye maisha yako yako mikononi mwa mtu uliyemkosea, mtegemee Mungu. Anaweza kuweka ukweli katika kinywa chenye kila sababu ya kusema uongo. Mimi ni shahidi, na siko peke yangu.

Maana yule mzee wa kofia nyeupe, pale karibu na mlango, ambaye mmekuwa mkimgeukia tangu asubuhi, ndiye. Hakuja kubadili dini, basi msimzunguke baada ya ibada! Amekuja kwa sababu nilimwambia nitamtaja, na alitaka kusikia kama nitasema kweli.

Papa Ramazani, simama, kaka yangu. Polepole, mshikeni. Inua mkono wa kuume wauone.